Deraya ya kwenye simu na helmeti ya bodaboda: Hesabu ambayo mwanao anaijua tayari

Moshi. Ni saa mbili usiku, mtori uko mezani unapoa, na mtoto wa darasa la sita hajainua macho kutoka kwenye simu ya mama yake. Ameitwa mara mbili. Mara ya tatu anajibu: "Nakuja mama, navaa deraya kwanza, nikienda hivi joka litaniua."

Kwa mzazi wa Pasua, Majengo au Soweto, au kwa bibi kule Marangu anayepokea wajukuu wa likizo ya Desemba wakiwa na simu mkononi, jibu kama hilo husikika kama upuuzi. Wengine huliona ni kiburi. Simu inanyang'anywa, mtoto ananuna, mtori unaliwa kimya kimya.

Lakini ndani ya jibu lile kuna hesabu, na si hesabu ndogo. Mtoto ametazama hatari iliyo mbele yake, ameona kwamba kinga aliyonayo haitoshi, na ameamua kuibadilisha kabla ya kuondoka. Wapo watu wazima wanaopanda bodaboda kila asubuhi bila kufikia hatua hiyo ya tatu.

Deraya ni vazi la vita, la chuma au la ngozi. Katika gemu za njozi, zile za majoka, wachawi na mapanga ambamo mchezaji humchukua mhusika mmoja na kumkuza hatua kwa hatua, deraya ndiyo inayoamua nani anafika mwisho wa safari. Mzazi akielewa inavyofanya kazi, ataelewa kwa nini mtoto hawezi kuacha katikati, pesa hupotelea wapi, na namna ya kuzungumza naye kuhusu hatari za kweli.

Ilianzia mezani, si kwenye kioo

Hesabu hii ni ya zamani kuliko simu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, penseli, dadu na maneno tu. Gemu nyingi za njozi za leo ni wajukuu wake.

Katika mchezo huo kila mhusika ana namba ya ulinzi. Kwa kanuni za miaka ya karibuni, asiyevaa kitu ana 10, mwenye deraya ya ngozi 11, mwenye deraya ya chuma mwili mzima 18, na ngao huongeza 2. Adui hurusha dadu yenye nyuso 20, huongeza ustadi wake, na asipofikia namba ile, pigo limekosa.

Chukua adui mwenye ustadi wa 5. Dhidi ya deraya ya ngozi anahitaji dadu imletee 6 au zaidi, yaani atapiga mara 15 katika kila 20. Dhidi ya chuma atapiga mara 8. Ongeza ngao, zinabaki mara 6.

Angalia kinachokosekana hapo: sifuri. Hata aliyejifunika kwa chuma kuanzia utosini hadi vidoleni bado atapigwa. Na katika mtindo huu, pigo likipenya linaingia lote, halipunguzwi hata chembe. Deraya inapunguza mara za kupigwa, haipunguzi maumivu.

Punguzo la Kiboriloni

Gemu nyingi za kompyuta na simu zimechagua njia nyingine. Pigo linafika, ila linakatwa kiasi. Aliyewahi kununua mitumba soko la Kiboriloni atalielewa hili haraka kuliko mwalimu wa hesabu.

Kuna punguzo la kiasi maalumu. Muuzaji anakukatia shilingi 2,000 kwa kila nguo. Kwenye fulana ya 2,000 umeondoka bure, lakini kwenye koti la 30,000 hujaona tofauti kubwa. Deraya ya aina hii hufanya vivyo hivyo: ikikata pointi 12, adui mdogo anayepiga kwa 10 hakufanyi lolote hata akupige kutwa, ila zimwi linalopiga kwa 100 bado linakuachia 88. Ndiyo maana mtoto anacheka akizungukwa na panya kumi na anakimbia akiona jitu moja.

Halafu kuna punguzo la asilimia. Minecraft, ambayo si gemu ya njozi kamili lakini watoto wengi wanaijua, hutumia mtindo huu. Katika toleo lake la simu kila pointi ya deraya hupunguza asilimia 4 ya pigo. Seti kamili ya ngozi ina pointi 7, sawa na asilimia 28. Seti ya chuma ina 15, asilimia 60. Almasi ina 20, asilimia 80.

Na deraya inachakaa. Kila pigo linaila kidogo, mpaka siku moja inavunjika mwilini. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa kuna jambo ambalo watoto hulijua kwa mikono kabla hawajalijua kwa kalamu. Kutoka asilimia 80 hadi 90 kunaonekana ni hatua ndogo. Lakini anayepunguza asilimia 80 ya pigo la 100 anaumia 20, na wa asilimia 90 anaumia 10. Pointi kumi tu, maumivu nusu. Wakifika 100 hakuna tena mchezo. Kwa hiyo watengenezaji huweka dari: katika Skyrim, iliyotoka mwaka 2011, deraya haivuki asilimia 80 hata uvae nini.

Wengine, kama League of Legends, hawaweki dari bali mteremko. Pointi 100 za deraya hukata nusu ya pigo, 200 hukata kama asilimia 67, na 300 hukata asilimia 75. Ukiangalia asilimia peke yake utaona ni kama mablanketi usiku wa Julai kule Marangu: la kwanza linaokoa, la nne halina habari. Ila hesabu mapigo badala ya asilimia. Ambaye angeanguka kwa mapigo 10 bila deraya ataanguka kwa 20 akiwa na pointi 100, kwa 30 akiwa na 200, kwa 40 akiwa na 300. Blanketi la nne lina faida sawasawa na la kwanza. Mtoto anayeng'ang'ania kuongeza deraya, basi, hajachanganyikiwa.

Mzigo wa mpagazi

Kwa nini basi kila mmoja asivae deraya nzito kuliko zote? Hapa wakazi wa Kilimanjaro wana mfano wao. Wapagazi wanaopandisha wageni mlimani wamewekewa kikomo cha mzigo cha kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Wanaofanya kazi ile wanajua kilo tano za ziada hufanya nini kwenye magoti ya mtu.

Gemu nzuri nazo hupima mizigo. Katika Elden Ring ya mwaka 2022, mhusika aliyebeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake huruka pembeni kwa wepesi, hadi asilimia 70 anajikunja kwa kasi ya kawaida, na akizidi hapo anajibwaga kama gunia la mahindi. Akivuka 100 hawezi kukwepa kabisa. Kwa hiyo mchezaji anachagua: nipokee mapigo au niyakwepe?

(Mzazi ajue pia kwamba Elden Ring si ya mtoto wa darasa la sita. Ulaya imewekewa umri wa miaka 16, na Marekani 17. Alama hizi za umri zipo kwenye kasha la gemu na kwenye ukurasa wa kuipakua. Ni za kusomwa.)

Ngozi, mawe na pango

Babu za watoto hawa walikuwa na uchaguzi uleule, bila kitufe cha kuanza upya.

Karne ya 19 vita kati ya himaya za Wachagga, na mashambulizi ya Wamasai kutoka tambarare, vilikuwa sehemu ya maisha ya mlimani. Shujaa alibeba ngao ya ngozi ngumu, iliyotosha kwa mkuki. Wahunzi wa Mamba walijulikana kwa mikuki yao. Upande wa Rombo, Mangi Horombo wa Keni anakumbukwa kwa ngome zake za mawe, na kule Kibosho Mangi Sina alikuwa na boma lake la mawe.

Kwa wazee, wanawake, watoto na ng'ombe kulikuwa na kinga nyingine. Wachagga walichimba mapango marefu chini ya ardhi, yenye mlango mwembamba wa kumlazimisha adui aingie mmoja mmoja. Mengine bado yanaoneshwa kwa wageni maeneo ya Marangu. Kwa lugha ya gemu, hiyo si deraya, ni kukwepa: hupunguzi pigo, unahakikisha halikupati.

Februari 1891 Wajerumani wakiongozwa na Hermann von Wissmann, wakisaidiwa na askari wa Mangi Rindi wa Moshi, waliishambulia Kibosho. Ukuta wa mawe ulikuwa kinga kubwa dhidi ya mikuki. Dhidi ya silaha za moto za Wissmann haukutosha, na boma likaanguka.

Hilo ndilo somo la tatu la deraya katika gemu, pengine lenye maana kuliko yote kwa familia: kinga huwa ni ya kitu fulani. Mhusika aliyevaa chuma hana hofu na panga, lakini mchawi akimtupia moto au sumu, chuma hakina msaada. Anahitaji pete ya kuzuia moto, joho la kuzuia baridi, dawa ya sumu. Wachezaji wazoefu huuliza kwanza adui anapigaje, ndipo wachague vazi.

Mama aliyewahi kubeba kadi ya kliniki anajua hili. Chanjo ya surua na rubela, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, haimkingi na malaria, na chandarua chenye dawa hakizuii surua. Mtoto anayekataa sindano huenda akaelewa mapema akiambiwa kwa lugha yake kwamba hii ni deraya ya adui yuleyule mmoja, na ndiyo maana ziko nyingi.

Farasi wa dola mbili na nusu

Palipo na kinga pana mfuko wa mtu. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa gemu yake ya Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50 za Marekani. Gemu yenyewe walikuwa wamekwisha kuinunua. Wachezaji walikasirika na kucheka, kwa kuwa wengi waliona ni pambo tu. Lakini iliuzwa. Leo deraya ile ya farasi inatajwa kila panapozungumzwa biashara ya kuuza vitu vidogo vidogo ndani ya gemu.

Gemu nyingi za simu ni za bure kupakua. Fedha hutoka baadaye, pale mtoto anapokwama kwa adui asiyepigika na kuoneshwa sanduku linalometa. Ndani kunaweza kuwa na deraya bora, au kofia ambayo tayari anazo tatu. Analipa kwanza, anajua baadaye. Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zao.

Mzazi anaweza kumuuliza mtoto swali moja rahisi: deraya hii inakuongezea ulinzi, au inakubadilisha rangi tu? Watoto hujibu kwa ukweli unaoshangaza. Pengine rangi ndiyo anayoitaka, ili aonekane na wenzake, na hilo si kosa, ila lina bei yake na nani anailipa. Kwenye simu yenyewe, mpangilio wa duka la programu unaruhusu kudai nywila kabla ya kila malipo. Uwashe. Namba ya siri ya pesa ya mtandaoni isiwe kitu ambacho mtoto amekikariri kwa sababu hutumwa dukani.

Kwa nini haachi ukimwita

Turudi kwenye mtori. Gemu nyingi za mtandaoni hazina kitufe cha kusimamisha, na Elden Ring haisimami hata ukicheza peke yako. Anayeweka simu chini katikati ya pambano anapoteza alichokusanya. Kwa hiyo "subiri kidogo" ya mtoto si uongo kila mara. Amri ya "acha sasa hivi" huzaa ugomvi mwingi kuliko makubaliano ya "ukimaliza pambano hili, chakula", alimradi pambano ni moja na mzazi anajua lina urefu gani. Kaa naye dakika kumi, utajua.

Usingizi hauna makubaliano. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, na anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule hawezi kupigana na majoka saa nne usiku. Kwa wadogo wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri muda wa kukaa mbele ya kioo usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

WHO pia imeliingiza tatizo la uchezaji wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya masomo, chakula na marafiki, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Wanaofikia huko ni wachache kati ya wachezaji wote. Mtoto anayenuna akinyang'anywa simu si mgonjwa. Aliyeacha kula, kulala na kucheza na wenzake apelekwe kituo cha afya, naye asipelekwe kama mkosaji.

Kichwa hakina pointi tatu

Lipo jambo moja ambalo gemu hulieleza vibaya. Katika Minecraft, ukivaa seti ya almasi yenye pointi 20, kifua kinabeba 8, miguu 6, na kofia 3 tu, sawa na viatu. Mtoto akibanwa na uhaba wa almasi, kofia anaweza kuiacha baadaye. Na akipigwa, anakula mkate, uhai unarudi.

Asubuhi mtoto huyohuyo anapandishwa bodaboda kuelekea shule. Wakati mwingine wako watatu, mishikaki, mdogo mbele ya dereva, na helmeti moja iko kwenye tangi la mafuta au imening'inizwa kwenye usukani. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae. Sababu za kutovaa zinajulikana: joto, nywele zimesukwa jana, helmeti inanuka na imevaliwa na kila mtu, "ni hapo tu karibu".

Takwimu zake zimeandikwa kwa lugha ya deraya hasa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Asilimia 69 ni zaidi ya seti nzima ya chuma ya Minecraft, kwa kipande kimoja. Mweleze hivyo, kisha umwache apige hesabu mwenyewe.

Ataona tofauti nyingine pia. Kwenye gemu kofia humkaa yeyote. Hapa duniani helmeti ya mtu mzima humzunguka mtoto kichwani kama sufuria, na ikizunguka haikingi. Inachakaa kama ile ya kwenye simu: iliyopata kishindo cha ajali imekwisha kazi hata kama haina ufa, ibadilishwe. Kama nywele au fangasi ndiyo hofu, kitambaa chepesi cha pamba chini yake kinatosha, na familia inayotumia bodaboda kila siku ni bora ikamnunulia mtoto helmeti yake, ya saizi yake, na akaenda nayo.

Inapimwa nyumbani kabla ya kutoka. Ikae sawa juu ya nyusi, isicheze mtoto akitikisa kichwa, na mkanda ukifungwa, kati yake na kidevu vipite vidole viwili, si zaidi.